Makosa kwa Jina la Elango

Elango alirudi nyumbani saa tano asubuhi, siku ya kazi, kadi ya ofisi bado inaning'inia shingoni. Mama yake, Thulasimani, alikuwa ameketi kizingitini anachambua dengu. Alimtazama anavyovua viatu na kuvipanga sawasawa ukutani, kisha akavipanga tena.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Basi umefukuzwa."

Alisema kwa utani, lakini utani ulimfia mdomoni. Pale Saravanampatti, kusini mwa India, ambako kila kona ina jengo la kampuni ya kompyuta, wanaume wanaoonekana nyumbani saa hizo ni wa aina mbili: waliokesha kazini, na waliotemwa. Na mwanawe alikuwa amelala kitandani kwake usiku kucha, akikoroma.

"Hawajanifukuza," Elango alisema. "Wameniambia nijifukuze mwenyewe."

Akamweleza. Sheeba, afisa utumishi, alimwita kwenye chumba cha vioo, akamletea maji ya kunywa kama mtu anayepokea mgeni, kisha akamfungulia ukurasa kwenye kompyuta. Ukurasa ulikuwa na kitufe kimoja. Akikibonyeza, amejiuzulu kwa hiari yake, atapewa cheti kizuri na kila la heri. Asipokibonyeza, ataondolewa kwa uzembe, na kampuni yoyote itakayopiga simu kuuliza habari zake itaambiwa hivyo hivyo. Amepewa muda mpaka ofisi itakapofunguliwa baada ya sikukuu ya zana, ambapo vyombo vya kazi hubarikiwa na kupumzishwa.

"Kosa lako nini?"

"Makosa. Eti nina makosa mengi kuliko mtu yeyote ofisini."

"Nani kasema?"

Elango aliangalia dengu. "Mkaguzi."

Thulasimani alimjua Mkaguzi. Jina hilo lilitajwa mezani kila siku, mpaka yeye akazoea kusema nyumba ina watoto wawili, Yazhini na Mkaguzi. Ilikuwa mashine ya Kayalvizhi, mke wa Elango, aliyefanya kazi kampuni hiyo hiyo, ghorofa ya juu.

"Ngoja kwanza," mama alisema, akaweka ungo chini. "Yaani umefukuzwa kazi na mke wako?"

*

Kayalvizhi, ambaye kila mtu alimwita Kayal, hakuitengeneza mashine hiyo ili imfukuze mtu. Waandika programu huandika msimbo wao, yaani maagizo ya kompyuta, ndani ya kihariri, programu ya kuandikia, kama fundi cherehani na meza yake. Kayal alitengeneza kiendelezi, kifaa kidogo cha kupachikwa kwenye kihariri hicho. Kiendelezi kilisoma msimbo kwa akili mnemba, kikapiga mstari mwekundu chini ya penye kasoro na kueleza pembeni, kwa maneno ya kawaida, kwa nini ni kasoro. Alikumbuka alivyokuwa mgeni kazini, alivyosomewa makosa yake kwa sauti mbele ya wanaume wanaocheka. Akataka wanaokuja nyuma yake wasahihishwe kimya kimya, na kitu kisichojua dharau.

Wenye dharau wakaiona kazi hiyo, wakaipenda. Raghunandan, mkuu wa idara, aliagiza kila mstari mwekundu uhifadhiwe kwenye ghala la data pamoja na jina la mtu aliyelifungua faili. Baadaye akaagiza majina yapangwe, kuanzia mwenye mengi hadi mwenye machache. Jioni ile, jikoni, Kayal ndipo alipoelewa orodha ile ilikuwa ya nini.

"Yale ni mafaili ya bima," alisema. Alikuwa bado na kofia ya pikipiki mkononi. "Mafaili ya majaribio."

"Ulisema nikuletee machafu," Elango alijibu.

Ni kweli. Mashine ya kutafuta makosa haipimwi kwa kazi safi. Kwa hiyo Jumamosi nzima nzima Elango alikaa na mkewe hapo mezani, akifungua mfumo wa zamani wa bima, msimbo ulioandikwa na watu waliokwisha kuhamia Bengaluru na Toronto, ambao yeye pekee ndiye aliyekubali kuutunza. Kila faili lilipofunguka, skrini ilijaa wekundu. Wakapigiana makofi kama watazamaji wa kriketi. Yazhini alipanda kitini akapiga kelele: "Nyingine! Baba, nyingine!" Na kila walichokishangilia, Mkaguzi alikichukua akakiandika: Elango, Elango, Elango.

"Niliomba ghala la pembeni la majaribio," Kayal alisema. "Nilimwomba Raghunandan kwa mdomo wangu huu. Akaniambia ya nini gharama, yatafutwa baadaye."

"Yakafutwa?"

Alivuta kiti akakaa.

"Naweza kuyafuta sasa hivi, baba Yazhini. Ruhusa ninayo. Nikae hapa, kabla chai haijapoa nimemaliza."

"Kesho waseme mke kamfichia mume. Leo nyumba hii ina mjinga mmoja, unataka iwe na wezi wawili?"

Thulasimani alikuwa anageuza chapati ya mchele kwenye kikaango, mgongo kwao. "Bonyeza hicho kitufe," alisema.

"Mama!"

"Nimesema bonyeza. Mkigombana nao wote wawili, mtatoka wote wawili. Benki inayotudai haitakuja hapa kuuliza nani alikuwa na haki. Kayal anapandishwa cheo, kila mtu anajua. Mmoja atoke na heshima yake, mmoja abaki. Sisi kule kiwanda cha nyuzi tulipoambiwa tusaini tuondoke, tulisaini. Tulikufa?"

"Hamkufa," Kayal alisema. "Lakini mpaka leo ukipita pale getini unageuza uso, Mama."

Chapati iliungua upande mmoja. Thulasimani aliiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akaenda kuila chumbani.

*

Raghunandan hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na ule upole wa watu ambao hawajawahi kunyimwa kitu.

"Kaa, Kayal. Unywe kahawa."

"Nimekunywa nyumbani, bosi. Nimekuja kwa sababu ya orodha. Yale makosa si ya Elango. Mengine ni ya majaribio yangu, yale uliyosema yatafutwa. Mengine ni ya watu walioacha kazi kabla yeye hajaajiriwa. Mkaguzi haangalii nani alikosea. Anaangalia nani kafungua faili. Anayefungua mafaili mabovu kila siku ili ayatengeneze, ndiye anayeonekana mbovu."

"Aliyemtengeneza Mkaguzi ni nani?"

"Mimi. Ndiyo maana najua."

"Na umemtengeneza vizuri mno. Mteja amefurahi. Kesho kwenye ibada ya zana atatutazama moja kwa moja kutoka kwao, na nataka wewe ndiye uwashe taa ya ibada na wewe ndiye uonyeshe kazi." Alitabasamu. "Fikiria hilo. Achana na haya."

"Haya ndiyo yanayomfukuza mtu."

"Hafukuzwi mtu hapa. Anashauriwa." Aliinama mbele, sauti ikapungua. "Nikwambie kama kaka yako. Mwanamke akisimama kumtetea mumewe kazini, watu hawamsikii mhandisi, wanamsikia mke. Usijiharibie."

Kayal aliujua ukaka huo. Ndio uliokuwa ukigeuza jina lake kuwa "timu yetu" kila kazi yake ilipopelekwa kwa wakubwa. Ndio uliomwambia apumzike alipojifungua, kisha ukampa mwingine kiti chake.

"Wote mnapimwa kwa orodha hiyo hiyo?" aliuliza.

"Wote. Hata mimi. Mashine haina upendeleo, si ndivyo ulivyotuambia wewe mwenyewe?"

Kwenye ukumbi mwembamba Sheeba alimdaka mkono, akamvuta kando ya mashine ya maji. Alinukia jasmini mbichi.

"Dada Kayal, msaidie mumeo. Mwambie abonyeze. Mwambie wakati wa kula, wanaume huwa wasikivu wakishiba."

"Wako anakusikiliza akishiba?"

"Wangu?" Sheeba alicheka kidogo. "Wangu hajaingia kwenye orodha."

*

Asubuhi ya ibada ofisi ilinukia msandali na maua ya manjano. Walinzi walipasua boga jeupe getini, lililojazwa unga mwekundu, ili kufukuza kijicho, na madereva wakagombania vipande vya kuweka mbele ya magari. Kila mtu alipewa mfuko wa bisi za mchele na dengu. Vijana wawili walipita meza hadi meza na bakuli, wakitia kila kompyuta doa la msandali na juu yake doa jekundu, ili chombo kimbariki mwenye kukitumia.

Walipofika kwenye meza ya Elango, walitazamana. Mmoja alijifanya anajibu simu. Wakaruka, wakaenda meza ya pili.

Hakuna aliyewatuma kufanya hivyo. Hicho ndicho kilichomchoma Kayal alipokuwa anatazama kutoka mbele, kiberiti mkononi. Watu wazima, waliokula chakula cha Thulasimani nyumbani kwake, wamekwisha kumhesabu mwenzao kuwa hayupo, na Elango ameketi pale pale akipanga kalamu zake.

Akawasha taa. Watu wakapiga makofi. Kwenye skrini kubwa ukutani alionekana mteja, mzungu mwenye kikombe kikubwa na usingizi machoni. Raghunandan alisema maneno ya Kiingereza kuhusu mila na maendeleo, kisha akampisha Kayal.

Faili la maonyesho lilikwisha kuandaliwa, dogo, safi, lenye makosa matatu ya kupendeza. Kayal hakulifungua.

"Leo tutumie faili la kazi kweli kweli," alisema. "Na ningependa bosi mwenyewe atuanzishie. Siku kama ya leo, mkono wa mkubwa una baraka."

Makofi tena. Raghunandan, aliyependa kuonekana mnyenyekevu, alikuja akisema hapana, hapana, huku anakaa. Kayal alimfungulia faili moja la bima.

"Andika tarehe ya leo tu hapo juu, bosi. Usiguse kingine."

Akaandika tarehe. Akahifadhi.

Wekundu ulishuka skrini nzima. Mstari juu ya mstari, maelezo yakisukumana pembeni: hapa hakuna kinga, hapa siri ya mteja imeachwa wazi, hapa hesabu inagawanywa kwa sifuri. Kulia kabisa, kwenye orodha ya siku, jina la Raghunandan lilizaliwa chini, likapanda, likawapita wote likatulia kileleni. Nyuma mtu alicheka, akajikohoza.

"Umekosea nini, bosi?" Kayal aliuliza.

"Sijakosea kitu. Nimeandika tarehe."

"Ndiyo kazi ya Elango ya kila siku. Anafungua faili la watu walioondoka ili alitibu, na ugonjwa unaandikwa kuwa wake. Na mengine ni majaribio ya kuitengeneza mashine hii, aliyoyafanya siku zake za mapumziko bila kulipwa. Kwa hayo ameambiwa ajiuzulu sikukuu ikiisha. Mjue wote. Kesho atakuwa mwingine wenu."

Alikuwa amesema kwa Kitamil. Mzungu aliinua nyusi. "Anasemaje?"

"Anakutakia heri ya sikukuu," Raghunandan alimjibu, bila kupepesa macho.

Hapo Kayal akaigeukia skrini. Akayarudia yote kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, akamaliza na hilo la heri ya sikukuu ambalo awali hakulisema.

Mzungu aliweka kikombe chini. Alisema ni jambo muhimu sana, na anashukuru kwa uwazi huo. Kisha akauliza kama orodha inaweza kurekebishwa kabla ya mwisho wa mwezi, maana yeye pia anataka kuanza kuitumia kwa wafanyakazi wake.

*

Sikukuu ikapita. Nyumbani zana zote zilipumzika mbele ya picha za miungu: kompyuta mbili, mashine ya kusaga, bisibisi za marehemu baba yake Elango, hata penseli za Yazhini. Hapakuwa na cha kushika, na watu wasio na cha kushika hukosa pa kuficha mikono. Thulasimani hakumsemesha mkwewe. Elango alisema mara moja tu, akimfunga mtoto nywele, "Ulinitetea mbele ya watu wote," na Kayal hakujua kama anashukuru au analalamika. Hata Elango mwenyewe hakujua.

Asubuhi ya kurudi kazini, Kayal alikuta vyombo viwili vya chakula mezani, vimefungwa kitambaa kama kawaida.

"Cha pili cha nani, Mama?"

"Mwanangu anaenda kazini, haendi?"

"Wewe si ulisema abonyeze?"

"Nilisema." Thulasimani alikaza fundo. "Nimelala nikimwaza siku zote hizi, huyo mdudu wako anayehesabu. Tuliposaini sisi, aliyetuandikia karatasi aliendelea na kazi yake kama hakufanya kitu. Nendeni, mtachelewa."

Ofisini Raghunandan alikuwa amekwisha kurekebisha. Kazi ilimwangukia Nivetha, msichana aliyeajiriwa mwaka ule, na aliikamilisha kabla watu hawajamaliza kuulizana sikukuu ilikuwaje. Ilikuwa mistari michache tu: mtu akiwa na cheo cha mkuu wa idara kwenda juu, Mkaguzi asihesabu makosa yake. Basi. Majaribio hayakufutwa. Jina la Elango lilibaki lilipokuwa.

Katika kampuni hiyo badiliko lolote, hata la herufi moja, haliingii mpaka watu wawili walisome na kulipitisha. Raghunandan alilipitisha yeye mwenyewe. Kwa idhini ya pili lilitumwa kwa Kayal. Nivetha alikuja akasimama pembeni ya meza yake, vidole vikisokota ncha ya shali.

"Dada, nisamehe. Nimeagizwa."

"Najua. Umeandika vizuri, Nivetha."

"Kweli?"

"Ona mwenyewe."

Mkaguzi alikuwa amelipitia badiliko hilo mwanzo hadi mwisho. Hakupiga mstari mwekundu hata mmoja. Maelezo ya pembeni yalisema msimbo ni safi, unasomeka, na hauna kasoro.

Kayal aliyatazama maneno hayo. Mwaka mzima alikuwa amekifundisha kitu hicho kutambua kosa. Alikifundisha kinga iliyosahaulika, hesabu iliyokosewa, jina lililoandikwa vibaya. Na sasa uovu umepita mbele yake umevaa nguo safi, nacho kimeusalimia. Kwa mara ya kwanza hakukionea fahari, wala huruma. Hasira yake haikuwa juu ya mashine; mashine haijui aibu. Watu walioiweka mbele yao ili wasionekane, hao ndio waliokuwa na uso wa kuona haya.

Akabonyeza "Kataa". Na kwenye kisanduku cha sababu, ambacho kila mtu kampuni nzima angeweza kukifungua na kukisoma, akaandika:

"Msimbo huu hauna kosa la uandishi. Unawatoa wakubwa kwenye hesabu ambayo wote tumeiona kuwa ya uongo, na kuwaacha wadogo humo humo. Siupitishi. Ifutwe hesabu yote. Mtu atakayeupitisha ajue anamfukuza Elango kwa mkono wake, si kwa mkono wa mashine. Kayalvizhi."

Nivetha alisoma akiwa amesimama. "Watakuondoa na wewe, dada."

"Huenda."

Badiliko likapelekwa kwa mtu wa ghorofa ya chini, mzee wa kazi asiyependa mambo ya watu. Alilisoma, akasoma na yaliyoandikwa chini yake, akalirudisha bila kulipitisha. Likapelekwa kwa kijana mmoja wa wale wawili waliopita na bakuli la msandali. Akalikataa. Hakuandika sababu, ila jina lake likabaki pale chini ya la Kayal.

Raghunandan akatoka ofisini kwake. Hakuwahi kuonekana akitembea meza kwa meza, na ghafla kila aliyefikiwa alikuwa na kiu ya kahawa.

Wakati huo Elango alikuwa chumba cha vioo. Sheeba alimletea maji tena, akageuza kompyuta imwelekee.

"Muda umeisha, Elango. Bonyeza, tuagane vizuri."

"Bonyeza wewe."

"Mimi siwezi. Ni kitufe chako."

"Mnasema mashine imeamua. Basi mashine ibonyeze. Au wewe. Au bosi, aje akae hapa, abonyeze kwa kidole chake na jina lake liandikwe."

"Elango, usifanye mambo kuwa magumu. Fikiria mtoto. Fikiria mama yako."

"Mama yangu amenifungia chakula."

Sheeba hakuelewa jibu hilo. Elango aliweka mikono yake miwili mezani, viganja chini, mbali na kompyuta, akakaa kama mtu mwenye siku nzima. Sheeba aligeuka kutafuta msaada nje ya kioo. Raghunandan alikuwa kule mwisho wa ukumbi, ameinama kwenye meza ya mtu mwingine, bado anaomba mtu alipitishe lile badiliko.